Mama Holo na Barua ya Mtendaji

Kwanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia yangu si ya kuaminika. Niliishia darasa la saba, na hata huko shuleni nilikuwa wa mwisho kufunga daftari kila mwalimu alipotusomea imla. Herufi za R na L zinanipiga chenga mpaka leo, kama zinavyowapiga wengi wetu tuliojifunza Kiswahili juu ya Kisukuma. Nimeandika kwa kalamu, kwa siku nyingi, na palipofutwa ujue nilikaa nikafikiri upya. Habari za kwetu, nani alinizaa na zizi lilikuwa na ng'ombe wangapi, sitazieleza, maana hazihusiki. Naandika kwa sababu tumemzika Mama Holo majira haya ya kuvuna pamba, na mwanawe Holo ametuomba sisi tuliofanya kazi na mama yake tuandike chochote tunachokumbuka, akikusanye kiwe kitabu cha wasikilizaji. Wenzangu wataandika juu ya mnara na leseni na wageni wakubwa waliokuja. Mimi nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza pale, kwa sababu mwaka ule nilimzika mtu aliye hai.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua pamba na kufungua redio. Bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, neno Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Wanunuzi wa pamba walikuja Bariadi na magari yao na mizani zao, na mmoja wao alipoondoka aliacha ghala nyuma ya soko. Ghala hilo ndilo Mama Holo alilopanga. Yeye alikuwa ametoka Dar es Salaam, alikokuwa mtangazaji wa redio ya serikali mpaka walipopunguza wafanyakazi. Wenzake waliopunguzwa walifungua maduka. Yeye alirudi nyumbani na masanduku mawili ya mitambo, na watu wakasema mjini kumemharibu, maana mwanamke gani anajenga mnara wa chuma uani wakati hana hata nyumba ya bati. Hapakuwa na redio nyingine iliyozaliwa kwenye udongo wetu. Ya kwake ilikuwa ya kwanza.

Chumba cha kutangazia kilitengwa kwa magunia ya pamba yaliyotundikwa toka darini hadi sakafuni, na juu ya magunia zilibandikwa trei za mayai ili sauti isigonge ukuta. Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, na joto. Harufu ya mbegu za pamba haikutoka mle hata siku moja, na ukikaa muda mrefu manyoya ya pamba yalikukaa kwenye nywele ukaonekana mzee. Jenereta lilikuwa nyuma, na punda wa jirani yetu, mchota maji, alikuwa na tabia ya kulia taarifa ya habari inapoanza. Wasikilizaji walimzoea. Siku moja hakulia, na mtu akatuma kadi ya salamu kuuliza kama punda anaumwa.

Mimi niliajiriwa kufagia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisimama mlangoni mpaka muuzaji aniulize mwenyewe. Mchana tulikula pamoja uani, sinia moja, ugali wa mtama na nsansa zilizoungwa kwa karanga, yale majani ya kunde tunayoyakausha. Mama Holo aliketi kwenye kigoda kama sisi. Siku moja alikuwa na karatasi za matangazo ya vifo mapajani, na akakuta mtangazaji ameruka jina la mjomba wa marehemu. Mtangazaji huyo alikuwa Doto, kijana mwenye maneno mengi ya Dar es Salaam ingawa Dar es Salaam hajafika. Mama alimwambia kwetu msiba ukimruka mjomba, mjomba haji, na asipokuja yeye haji ukoo mzima wa upande wake. Doto akasema majina yalikuwa kumi na saba na watu walikuwa wanamsemesha wote kwa pamoja. Ndipo Mama akanigeukia mimi niliyekuwa natafuna kimya.

"Wewe Minza, unaandika haraka?"

Nikasema hapana, naandika pole pole sana.

"Basi kuanzia kesho vifo ni vyako."

Doto alicheka akaniita treni ya mizigo, na jina hilo likanikaa. Lakini nilikuja kuelewa Mama alichokiona. Wafiwa wanapokuja wana vurugu moyoni, wanataja majina ovyo, wanarudi nyuma, wanabishana nani mkubwa. Mwandishi wa haraka anaandika anachosikia kwanza. Mimi nilipokuwa bado nahangaika na jina la tatu, wao walikuwa wamepata nafasi ya kumkumbuka wa kumi na nane. Nilikaa kwenye dawati la shule nje ya ukuta wa magunia, mbele yangu benchi la wageni, mkononi daftari kubwa. Utaratibu ulikuwa mmoja. Kwanza barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri, inayosema fulani amefariki. Pili majina ya ndugu na mahali walipo. Tatu ninawasomea wafiwa majina yote kwa sauti kabla karatasi haijaingia ndani. Kwa Kisukuma waliniambia, kwa Kiswahili niliandika, maana leseni ilisema tutangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, na Kiingereza hatukuwa nacho.

Mtambo wetu ulikuwa mdogo. Siku nzuri tulisikika mpaka Mwanhuzi, siku mbaya hatukufika hata Mwamanyili. Redio za Mwanza zilikuwa na muziki mzuri zaidi na watangazaji wanaocheka vizuri zaidi. Niliwasikia wageni kwenye benchi wakisema hivyo wazi, kwamba wakitaka kucheza wanafungua ya Mwanza, lakini asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni wanafungua ya Mama Holo wajue nani kafa. Mama aliwasikia pia kutoka ndani na hakukasirika. Aliniambia hicho ndicho tulicho nacho, na hatuna kingine.

Katikati ya kiangazi Mama alikwenda Mwanza kwa mambo ya leseni, safari ya siku nne. Alipoondoka aliniachia ufunguo wa sanduku la barua, akamwachia Doto redio. Siku ya pili yake, Jumanne, gari la asubuhi kutoka upande wa Mwanhuzi lilimshusha mwanamke mzee mmoja mwenye kitenge safi na fimbo. Kijiji chake sitakitaja, wajukuu wake wapo. Aliketi kwenye benchi, akaniamkia mwangaluka kama kwamba mimi ndiye mkubwa, na nikaona aibu kwa kuwa alinitangulia. Akasema amekuja kutangaza msiba. Aliyefariki ni Limi binti Maduhu. Nilimuuliza marehemu ni nani yake, akajibu ni mtu wake wa karibu sana, wamezaliwa siku moja. Nikaandika: pacha.

Sijawahi kutajiwa majina vizuri namna ile. Hakulia wala hakurudi nyuma. Alianza na kaka wa marehemu aliyeko Bukundi, akashuka na watoto wa kaka, akavuka kwa mashemeji, akaja kwa wakwe, kila mtu na mahali pake, na kila baada ya jina alisubiri kalamu yangu isimame. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengine walikuwa wakikodolea macho kalamu yangu wakisonya. Mwishoni akasogeza fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akasema: "Na Shigela, mtoto wake. Yuko machimboni. Andika popote alipo." Nikamuuliza machimbo yapi. Akasema kama angejua asingekuja huku. Mtoto huyo alikwenda mwaka ambao mahindi yalikauka, na miaka sita sasa hajaleta neno.

Kisha ikafika zamu ya barua. Nilijua natakiwa kusema nini. Ni maneno matatu: lete barua, mayu, kama tunavyomwita mama. Lakini mwanamke yule angeweza kunizaa mara mbili, alikuwa na msiba, alikuwa ameketi wima mbele yangu, na mimi ni nani wa kumwambia mkubwa aliyefiwa kwamba neno lake halitoshi. Kwetu mtoto hadai ushahidi wa kifo kwa mfiwa. Niliuliza huku nikitazama daftari. Akasema mtendaji yuko kwenye mkutano huku huku Bariadi, mazishi ni kesho saa nane, na barua italetwa baadaye. Nikasema sawa. Doto alipotoka kuchukua karatasi aliniuliza kama barua ipo, maana sanduku lilikuwa kwangu. Nikamwambia nimeiona. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilikuwa na haya ya kumrudia yule mama, na pia haya ya kuchekwa na Doto, na uongo ulikuwa katikati, karibu na mkono.

Tangazo lilisomwa mchana ule, na jioni, na kesho yake asubuhi. Nilisikiliza kutoka nje ya magunia, na nakiri nilijivuna, kwa sababu hakuna jina lililorukwa.

Jumatano saa nane watu walifika. Walileta kuni vichwani, maji, unga, kama inavyopasa, na kaka wa marehemu alitoka Bukundi na baiskeli akiwa amekwisha kunyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Waliomsimulia Doto siku ile ile walisema walimkuta Bibi Limi, yule yule wa fimbo, ameketi mlangoni anamenya karanga. Akawakaribisha. Wakamuuliza marehemu yuko wapi. Akasema: "Ni mimi. Kaeni, mtakula." Wengine walikimbia. Wengine walikaa kweli, maana walikuwa wametembea. Kaka yake alirusha chini mzigo wa kuni na hakuuokota tena.

Doto alicheka mpaka akashika magunia. Halafu aliacha kucheka akanitazama, akauliza pole pole, "Minza, ile barua uliiona?" Nikashika ufagio. Akasema Mama akirudi atatuua na kututangaza sisi. Hakuniita treni.

Jumatano hiyo hiyo jioni tulitangaza kifo kingine. Mzee Ngasa, mkulima wa pamba wa kijiji cha jirani na Bibi Limi, alifiwa na mkewe. Alikuja mwenyewe, barua mkononi, mhuri umekaa vizuri. Niliiangalia mara tatu. Tulisoma jioni na kesho yake asubuhi, mazishi yakiwa Alhamisi.

Mama alirudi Ijumaa na basi la kwanza, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee Ngasa alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa ameketi kwenye benchi, baiskeli imeegemea mnara, kichwa kimenyolewa. Mama alimwamkia, akampa pole, akamuuliza kama kuna jina tulilikosea. Niliwasikia vizuri kwa sababu nilikuwa hatua mbili nyuma yao nimeshika ufagio.

"Majina yalikuwa sawa," Mzee Ngasa akasema. "Ila wakwe zangu hawakuja. Walisema wanangoja kwanza waone kama na huyu atafufuka."

Alisema bila hasira. Alieleza kwamba walikuwa watu tisa kaburini, pamoja na yeye na watoto, na kwamba ilibidi wabadilishane jembe mara nyingi kwa sababu udongo wa kiangazi ni mgumu. Hakuja kudai kitu. Alitaka tu kujua kama barua yake ilikuwa na kasoro. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika wangu, na bado sijasikia swali lililonikata kama hilo. Mama akaomba daftari. Akafungua Jumanne, akasoma jina la Limi binti Maduhu, akafungua sanduku la barua, akapekua, akalifunga.

"Barua ya huyu iko wapi?"

Nikasema haipo. Nikasema pia kwamba Doto aliniuliza, na kwamba nilimwambia nimeiona. Nilisema yote nikitazama miguu yake, viatu vyake vya Mwanza vilivyojaa vumbi. Nilingoja aniambie niende nyumbani. Akaniambia nikavae kanga nyingine, tunakwenda kwa aliyekufa.

Tulikwenda na pikapu ya jirani. Njiani Mama aliniuliza tu kama nimekula, nikasema ndiyo, uongo mwingine, akaniwekea mkononi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulimkuta Bibi Limi ndani. Nyumba ilikuwa safi kama ya mtu anayengoja wageni, kitanda cha kamba kimetandikwa blanketi jipya ambalo halijalaliwa, sufuria ya maziwa mgando imefunikwa kwa kawa. Alijua tumekuja kwa nini. Alituletea vigoda, akatuandalia viazi na yale maziwa, na hakuna aliyezungumza mpaka tumenawa. Huo ni utaratibu na Mama aliufuata ingawa nilijua moyo wake unachemka. Kisha Mama akamwambia habari za Mzee Ngasa na wale watu tisa. Bibi Limi alimfahamu mke wa Ngasa. Walikuwa wakichota maji kisima kimoja. Aliweka mikono kichwani.

Halafu akasema lile neno ambalo Doto alilifanya mzaha baadaye, lakini mle ndani halikuwa na mzaha. Alisema mtoto wake hakuja alipoitwa kwa salamu, hakuja alipoambiwa mama anaumwa. Mtu anaweza kukataa kila kitu, ila hakatai kuja kumfukia mama yake. Gari hupakia watu, watu wana midomo, na msiba ukishasemwa Bariadi utafika machimboni hata kama redio yetu haifiki. Ilikuwa kweli, na Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Nipe siku mbili," Bibi Limi akasema. "Siku mbili tu nibaki nimekufa. Akifika nitafufuka mwenyewe."

"Mayu," Mama akasema, "redio yangu ni ndogo. Watu wanaifungua kwa sababu ikisema mtu amekufa, amekufa. Nikikupa siku mbili, na atakayekufa kesho atazikwa na watu tisa."

"Na mimi nikifa kweli bila kumwona?"

Mama alinitazama mimi, sijui kwa nini, kama kwamba jibu lilikuwa kwangu. Ukweli ni kwamba kama ningeulizwa ningempa zile siku mbili. Ningempa nne. Nililitazama lile blanketi na nikaona siku zote anazolikung'uta akimngoja mtoto. Mama akasema atatangaza leo jioni. Bibi Limi alisimama akaenda nje, na alipotoka hakuikumbuka fimbo yake.

Nilidhani Doto au Mama mwenyewe ndiye atakayesoma. Saa kumi na mbili kasorobo Mama alinyanyua gunia la mlangoni, akanionyesha kiti. Nikasema siwezi. Akasema aliyemzika ndiye amfukue. Nikasema sauti yangu haitoki. Akasema itatoka, na isipotoka watu watasikia inavyoshindwa kutoka, na hiyo pia ni habari. Nilikuwa nimeandika karatasi yangu, nusu ukurasa, imenichukua mchana wote kwenye pikapu na kwenye dawati, herufi zimetikisika kwa mashimo ya barabara. Mama alikaa kiti cha pili. Taa nyekundu ikawaka. Punda alilia, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru.

Nilisema Limi binti Maduhu, aliyetangazwa Jumanne kuwa amefariki, yuko hai. Nilisema tangazo lile liliandikwa na Minza, ambaye ndiye mimi. Nilisema barua ya mtendaji sikuiona, na nilipoulizwa nilisema nimeiona. Nilisema mke wa Mzee Ngasa amefariki kweli, barua yake niliiona na mhuri wake niliuona, na nikamtaja kwa jina lake kamili, nikawaomba wakwe wa Mzee Ngasa waende msibani hata kama wamechelewa. Kisha nikasoma tena majina yote ambayo Bibi Limi alinitajia, mmoja mmoja, ili kila aliyeitwa kwa uongo aitwe kwa kweli. Nilipofika jina la mwisho karatasi yangu ilikuwa imeisha, lakini mdomo ukaendelea. Nikasema: "Shigela, popote ulipo, mama yako hajafa. Ametandika kitanda."

Nilinyamaza, na ukimya huo ulikwenda hewani wote, maana Doto alisahau kuweka muziki.

Watu hawakutusamehe siku hiyo. Kwa wiki kadhaa wageni walipokuja na barua walinionyesha mhuri kabla sijauliza, wengine kwa kejeli, wakiniambia nilambe nione kama wino ni wa kweli. Nililamba mmoja, kwa hasira, nikakuta umekauka. Wakwe wa Mzee Ngasa walikwenda, niliambiwa, siku ya kuanua matanga. Na Mama hakunitoa kwenye dawati. Doto alimwuliza sababu, mimi nikisikia nyuma ya magunia, na Mama akamjibu kwamba sasa nitamwomba barua hata malaika.

Siku kumi baada ya tangazo langu, siku ya mnada wa ng'ombe, Bibi Limi alikuja tena. Aliongozana na mwanamume mrefu, mwenye mabega ya kubeba mawe, anayetembea nyuma yake kama mtoto. Waliketi kwenye benchi. Alituletea kapu la michembe, akasema wabeja, yaani asante, akasema huyu ndiye. Mimi nilimtazama kichwa. Kilikuwa kimenyolewa, lakini nywele zilikuwa zimeanza kurudi, nywele za zaidi ya wiki. Mama aliona pia. Akamuuliza alizipata lini habari za msiba. Akasema kesho yake tu, kwa dereva wa lori. Mama akamuuliza mbona hakuja kuzika.

Shigela alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake: "Nilinyoa, nikakaa. Miaka sita sikuja akiwa hai, ningekuja kumwambia nini kaburini? Nilipoambiwa yuko hai ndiyo nikapanda gari."

Bibi Limi alikuwa ameshika mkono wa lile kapu na aliushika hivyo hivyo muda mrefu, vidole vimekaza. Nafikiri alikuwa anaziona zile siku mbili alizoziomba. Mama Holo hakusema nilikwambia, wala siku ile wala siku nyingine. Aliinuka akaenda kusonga ugali, na tulikula sinia moja, watu sita, na Shigela alikula kama mtu aliyekuwa na deni la njaa.

Sasa nirudi kwenye msiba wetu. Mama Holo alipofariki mimi nilikuwa nimeshaacha kazi, lakini Holo aliniita niandike tangazo. Redio sasa iko kwenye nyumba ya ghorofa moja, magunia hayapo, kuna kompyuta na vijana wenye masikio yaliyofunikwa. Kijana wa zamu alikuwa tayari amekaa mbele ya kipaza sauti. Nikamwomba barua ya mtendaji. Alidhani anasikia vibaya.

"Bibi Minza, marehemu ndiye mwenye redio. Tumemwona wote."

Nikamwambia nami nimemwona. Nikamwambia anipe barua.

Walinitazama kama watu wanavyomtazama mzee aliyechoka, lakini Holo, aliyekuwa mlangoni na macho mekundu, alisema niachwe. Nilikwenda kwa miguu mpaka msibani, kwa kuwa mtendaji naye alikuwa huko huko amekaa na wafiwa. Aliandika barua juu ya goti lake. Mhuri ulifuatwa ofisini. Nilirudi nayo, nikaiweka mezani, nikaanza majina, na sikuharakisha. Mchana ulifika sijamaliza. Kijana alitaka kusoma nusu, nikamkatalia. Alisoma jioni, yote, na hakuruka mtu.

Nina ombi moja, na ndiyo sababu hasa nimeandika. Daftari la mwaka ule liliwekwa kwenye sanduku la mbao na mchwa wakalila. Majina ya Bibi Limi ninayo yote kichwani, toka kaka wa Bukundi hadi Shigela. Lakini mke wa Mzee Ngasa, ambaye nilimtaja kwa jina lake kamili siku ile, aliyezikwa na watu tisa kwa sababu yangu, jina lake limenitoka. Nimelitafuta usiku na mchana. Mzee Ngasa mwenyewe alishafariki na watoto walihama. Kama wewe unayesoma ni mtoto wake, au mjukuu, au ulichota naye maji, tafadhali niandikie kupitia redio, bahasha iandikwe Minza wa vifo, watanipa. Andika hata kwa mwandiko mbaya. Nitakujibu, ila itachukua muda, na jina lake nitaliandika hapa, kwenye nafasi hii niliyoiacha:

................................................